Desa Halijibu Swali: Kujiandaa kwa Mitihani ya Insha Chuoni

Wiki mbili kabla ya UE, yaani mtihani wa mwisho wa muhula, mashine za kopi kuanzia Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mpaka Mwenge hazipoi. Desa la mwaka juzi, zile notisi za kozi zinazorithishwa, linatolewa kopi juu ya kopi mpaka herufi zinafifia, na kila anayeondoka na kifurushi chake kwapani anajiona ameshamaliza nusu ya kazi. Siku ya siku anaingia ukumbini, anakutana na swali linalomtaka ajadili kauli fulani, analitambua neno moja lililomo kwenye desa, na hapohapo analimwaga desa zima kama lilivyo. Anajaza kurasa tisa. Anatoka anatabasamu. Matokeo yakibandikwa ana 8 kati ya 20, na kuanzia hapo anaamini mwalimu ana kinyongo naye.

Kinyongo hakipo. Kwa waliozoea kusahihisha vijitabu vya majibu, jibu la aina hiyo hujulikana tangu ukurasa wa kwanza: yaliyoandikwa ni ya kweli, mengi ni sahihi kabisa, ila swali limebaki palepale halijaguswa. Mtihani wa insha hauulizi unajua kiasi gani. Unauliza unaweza kukifanyia nini hicho unachokijua, kwa mkono, kwa muda usiofika saa moja, bila karatasi yoyote ya kuchungulia. Kazi hiyo ina mazoezi yake, na mazoezi hayo siyo kulisoma desa mara ya tano.

Tuanze na hesabu, maana wengi hupiga msuli, yaani husoma kwa bidii, bila kujua wanatafuta alama ngapi. Utaratibu wa Mlimani ni alama 40 za kazi za muhula, yaani testi, insha za nyumbani na semina, na alama 60 za mtihani wa mwisho. A huanzia 70, B+ 60, B 50, na C 40. Kama unasoma chuo kingine fungua kanuni zake uone mgawanyo, kisha piga hesabu hiyohiyo. Ukiingia UE ukiwa na 28 mkononi, A inakudai 42 kati ya 60, sawa na asilimia 70 ya mtihani. Hilo linawezekana. Ukiingia na 20, A inakudai 50, yaani asilimia 83, na kwenye karatasi ya insha alama hizo hutolewa kwa nadra sana. Ndiyo maana A ya kozi za insha huanza kupatikana kwenye testi ya kwanza na ile insha ya nyumbani ambayo watu huikamilisha usiku wa kuamkia siku ya kuikusanya.

Hesabu ya pili ni ya ndani ya karatasi yenyewe. Chukua muundo uliozoeleka: saa tatu, maswali matano, jibu matatu, kila moja alama 20. Mwanachuo anayejibu mawili kwa ustadi akapata 15 na 15, halafu la tatu akaliacha, ana 30. Aliyejibu yote matatu kwa kiwango cha kawaida tu akapata 12 kila moja ana 36. Alama nane za kwanza za swali lolote hupatikana kirahisi kuliko tatu za mwisho za swali unalolipenda. Watu wanalijua hili wakiwa kitandani. Wakishaingia ukumbini wanalisahau.

Mitihani ya nyuma ndiyo nyenzo ya kwanza ya kutafuta, kabla hata ya desa. Maktaba huitunza, baadhi ya ofisi za idara hutoa, na wa mwaka wa tatu wanayo kwenye simu. Tafuta ya miaka mitano. Chora jedwali: mada za kozi zikishuka upande wa kushoto, miaka ikipita juu, na kila kisanduku uandike swali lenyewe kwa maneno yake. Usiweke alama ya vema tu, kwa sababu kinachosaidia ni maneno ya swali. Hutafuti swali litakalojirudia. Unatafuta tabia ya mtungaji: anapenda kutoa kauli na kutaka ijadiliwe? Huunganisha mada mbili katika swali moja? Hudai mifano kutoka nchi fulani? Na angalia nani alifundisha kozi miaka ile. Mwalimu akibadilika, mitihani ya mtangulizi wake inabaki kuwa ya mazoezi tu; ukiitumia kwa kubashiri umeliwa.

Kuhusu kubashiri, kuna namna ya kuacha mada bila kucheza kamari. Tuseme kozi ina mada nane, mtihani una maswali matano, kila swali linatoka mada yake, na unajibu matatu. Ukiandaa mada sita kikamilifu umeacha mbili. Hata zote mbili zikitokea, bado kuna maswali matatu unayoyaweza. Ukiandaa tano umeacha tatu, na siku mbaya zote tatu zikaja, unabaki na maswali mawili tu. Kwa hiyo hapo mpaka ni sita. Hesabu hii huvunjika pale swali la kwanza linapokuwa la lazima, kwa sababu huna tena uhuru wa kulikwepa. Swali la lazima aghalabu hutoka kwenye nadharia kuu ya kozi au huchanganya mada kadhaa, hivyo mada za mwanzo zinazobeba dhana za msingi haziachwi hata siku moja, ingawa ndizo zinazochosha zaidi.

Sasa kazi yenyewe. Kwa kila mada uliyoichagua, tengeneza karatasi moja tu ya mifupa. Ukurasa mmoja wa A4, mwandiko wako, siyo kopi ya mtu. Juu andika mijadala miwili mitatu ambayo wasomi wa mada hiyo wanabishana. Chini yake hoja nne au tano. Kila hoja iwe na ushahidi wake: mwaka, jina la sheria, tukio, takwimu, au mwandishi na alichodai. Kisha pingamizi moja zito dhidi ya kila upande. Basi. Kama mada haiingii ukurasa mmoja, bado hujaielewa; unaihamisha tu kutoka karatasi hii kwenda ile.

Tuangalie mfano mmoja kwa karibu, wa historia, kwa kuwa karibu kila mtu aliyesoma hapa nchini anaufahamu. Swali: "Siasa ya ujamaa Tanzania ilikwama kwa sababu za ndani kuliko za nje. Jadili."

Jibu la desa huanza na maana ya ujamaa, linafuata Azimio la Arusha la tarehe 5 Februari 1967, miiko ya uongozi, kutaifishwa kwa mabenki, kisha sababu za ndani moja mpaka tano, sababu za nje moja mpaka tano, na hitimisho kwamba sababu zote zilichangia. Hakuna uongo hapo. Lakini swali limeuliza zipi zilikuwa na uzito zaidi, na aliyejibu amekataa kusema. Insha isiyo na msimamo ni daladala isiyo na kibao cha ruti: injini inaunguruma vizuri, ila aliyeko kituoni hajui kama apande.

Jibu linalofika 15 hutumia ushahidi uleule kwa mpangilio mwingine. Linaweza kufungua hivi: "Kupanda kwa bei ya mafuta 1973 na 1979, kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki 1977 na vita vya Kagera vya 1978 hadi 1979 vingeitikisa nchi yoyote maskini. Hata hivyo, insha hii inadai kuwa sababu za ndani zilikuwa na uzito zaidi, kwa kuwa taasisi ambazo zingepokea mishtuko hiyo vijijini zilikuwa zimeondolewa na serikali yenyewe kabla mingi kati ya hiyo haijafika." Sentensi mbili tu, na msahihishaji ameshajua unakwenda wapi. Aya zinazofuata zinajua kazi yake: serikali za mitaa kuondolewa kuanzia 1972, watu kuhamishiwa vijijini kwa lazima kuanzia 1973, vyama vya ushirika kuvunjwa 1976 na mazao kukabidhiwa mamlaka za serikali. Miaka hapo siyo mapambo. Hoja nzima inategemea nini kilitangulia nini, kwa hiyo mwaka ukikosewa hoja inaanguka.

Kisha pingamizi, na hapa ndipo alama za juu zilipo. Ukame wa 1973 na 1974 uliangukia wakati uleule watu wanahamishwa, hivyo si rahisi kutenganisha njaa iliyoletwa na mvua na ile iliyoletwa na kuhamishwa. Likiri hilo waziwazi, halafu eleza kwa nini halikubomoi: ukame ulipita, lakini ushirika haukurudi na mvua. Anayeandika hivyo anaonyesha amefikiri. Mtego wa swali hili ni Azimio la Zanzibar la 1991, lililolegeza miiko ya uongozi. Wengi huliweka kwenye orodha ya sababu, wakati kufikia hapo nchi ilishakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa tangu 1986. Hilo ni tokeo, na msahihishaji akiliona kwenye sababu anajua aliyeandika amekariri orodha bila kutazama tarehe.

Kila aya ya katikati ina sehemu tatu, na ya tatu ndiyo inayosahaulika. Dai, ushahidi, kisha sentensi inayorudi kwenye swali. "Vyama vya ushirika vilivunjwa 1976" ni ushahidi. Ukiishia hapo umemwachia msahihishaji akufanyie kazi ya kuunganisha, na hana wajibu huo. Ongeza: "kwa hiyo bei za nje ziliposhuka, mkulima hakuwa tena na chombo chake cha kudai malipo, akaliacha zao, mshtuko ulitoka nje, bali udhaifu ulitengenezwa ndani." Sasa hiyo ni hoja. Ukifanya zoezi moja tu wiki hii, chukua insha yako ya zamani, pigia mstari sentensi zote zinazorudi kwenye swali, uone kama zinafika nne.

Vitenzi vya swali navyo vina madai tofauti. Eleza linataka utaratibu na sababu. Jadili linataka pande na uamuzi. Tathmini linataka kipimo: unapima kwa vigezo gani? Vitaje mwanzoni. Linganisha linataka vitu viwili vitembee pamoja aya kwa aya, siyo nusu ya kwanza kimoja na nusu ya pili kingine. "Kwa kiasi gani" kamwe halijibiwi kwa ndiyo au hapana. Lakini kwa tunavyoona, kinachopoteza alama nyingi kuliko vitenzi ni mipaka ya swali. Swali limesema "kwa mifano kutoka nchi mbili za Afrika", mtu anatoa Tanzania peke yake kwa kurasa sita. Limesema "kati ya 1961 na 1985", mtu anafika mpaka vyama vingi vya 1992. Zungushia kitenzi, zungushia mipaka, pigia mstari kauli inayodaiwa. Fanya hivyo kwa kalamu, kwenye karatasi ya maswali, kila mara, mpaka mkono uzoee.

Wanasheria wana muundo wao, na wanaochanganya huumia. Swali la kisa halitaki utangulizi wa historia ya sheria. Linataka ni jambo gani linabishaniwa, ni kanuni ipi inatawala na imetoka wapi, inaingiaje kwenye ukweli uliotolewa, na ushauri wako kwa mteja. Usahihi wa mamlaka, yaani sheria na hukumu unazozitegemea, ndio kila kitu. Mfano ni kesi ya Rebeca Gyumi kuhusu umri wa msichana kuolewa. Wengi huandika kwamba mahakama ilipiga marufuku ndoa za utotoni. Ilichofanya Mahakama Kuu mwaka 2016 ni kutamka kuwa vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinakiuka Katiba na kuipa serikali mwaka mmoja kuvirekebisha. Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo 2019. Tofauti ya kauli hizo mbili inaonekana ndogo mtaani. Kwenye kijitabu ni tofauti ya aliyesoma hukumu na aliyesimuliwa.

Tukishakuwa na karatasi za mifupa, kinachofuata ni kuzificha. Hapa watu wengi hujidanganya: wanasoma karatasi yao mara saba, kila mara inaonekana imeingia zaidi, na wanalala na amani. Mwaka 2006 watafiti Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walichapisha jaribio lililotenganisha mambo haya mawili. Waliorudia kusoma walifanya vizuri zaidi walipopimwa baada ya dakika tano. Walipopimwa baada ya wiki, waliokuwa wamefunga maandishi na kuandika walichokumbuka ndio waliokuwa mbele. Mtihani wako hauji baada ya dakika tano. Kwa hiyo geuza karatasi, chukua tupu, andika mifupa yote kwa kichwa ndani ya dakika nane, kisha fungua ulinganishe kwa kalamu nyekundu. Rudia kesho kutwa, halafu baada ya siku nne, halafu baada ya wiki. Sehemu zinazobaki nyekundu kwa mara ya tatu ndizo za kuamka nazo alfajiri. Nyingine ziache, kuzirudia ni kujifurahisha.

Halafu uandike insha nzima. Mkono wa siku hizi umezoea kugusa kioo cha simu, na kuandika kwa kalamu saa tatu mfululizo ni kazi ya misuli kwelikweli. Jipime: andika kwa dakika kumi bila kusimama kuhusu mada unayoijua, hesabu maneno, gawa kwa kumi. Tuseme umepata 18 kwa dakika. Kwa dakika 48, ambazo ndizo utakazozitenga kwa kila swali, hiyo ni takriban 860, lakini utasimama kufikiri, hivyo tarajia 700. Sasa unajua ukubwa wa insha yako: aya fupi ya kufungua, aya nne za hoja zenye maneno kama 140 kila moja, na aya fupi ya kufunga. Anayepanga hoja nane kwa mkono wa maneno 18 ataziandika zote nusunusu. Nne zilizokamilika zinazishinda nane zilizotajwa. Kwa kila kozi andika walau insha tatu za namna hii, saa mezani, simu chumba kingine. Ya kwanza itakuudhi. Wino ukikatika katikati ya sentensi utajifunza pia kwamba kalamu ziwe tatu, na za aina uliyofanyia mazoezi.

Nadhani diskasheni inasifiwa kupita kiasi, angalau kwa namna inavyofanyika. Watu kumi wamezunguka kimbweta, ile meza ya nje ya kusomea, wawili wanaongea, watatu wanaitikia, waliobaki wako kwenye simu. Shida kubwa zaidi ni lugha. Ubishi unakwenda kwa Kiswahili, hoja zinapangika vizuri, kila mtu anaondoka anajiamini. Siku ya mtihani, isipokuwa kwa kozi za Kiswahili zenyewe, anatakiwa kuandika kwa Kiingereza, na ile hoja iliyokuwa tamu kimbwetani inatoka vipandevipande. Bishaneni kwa Kiswahili, hapo ndipo fikra zinapochangamka. Ila muwe wanne, kila mmoja aje na swali lake na mifupa yake, na dakika kumi na tano za mwisho kila mtu aandike kimya aya moja ya hoja iliyojadiliwa kwa lugha ya mtihani. Badilishaneni karatasi, someni kwa sauti. Pale mnapokwama ndipo penye kazi. Kila mmoja awe na sentensi zake kama kumi alizozizoea za kufungua, kupinga, kukubali kwa masharti na kuhitimisha, asizitafute akiwa na dakika kumi zilizobaki.

Mahali pa kusomea Dar panahitaji mpango. Mitihani ya muhula wa kwanza hukuta joto la mwanzo wa mwaka, na chumba cha hosteli chenye watu zaidi ya idadi yake hakisomeki kuanzia saa tano asubuhi mpaka saa kumi jioni. Kazi ngumu, yaani kuandika insha na kujipima mifupa, iweke alfajiri kati ya saa kumi na moja na saa mbili. Mchana wa jua kali nenda maktaba. Ile mpya ya Mlimani iliyofunguliwa 2018 ina nafasi kubwa, lakini ikikaribia UE viti hujaa mapema. Kazi nyepesi kama kujaza jedwali la maswali fanya jioni. Umeme ukikatika usiku, vimbweta vilivyo chini ya taa hugombaniwa, basi usiupangie usiku kitu ambacho usipokifanya kesho yake utaharibikiwa. Kuhusu kukesha, kifupi: aliyelala kwa saa mbili tu huikumbuka mifupa na kusahau miaka, na tumeshaona miaka ndiyo inayobeba hoja.

Siku ya mtihani, hofu ya kwanza ya mkazi wa Dar ni barabara. Karatasi ya saa mbili asubuhi inataka uwe nje ya ukumbi saa moja na nusu. Anayetoka Mbezi kwa mwendokasi, anayetoka Tegeta kupitia Mwenge, au anayevuka kivuko kwenda Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere kule Kigamboni, wote wapange kama vile siku hiyo kutakuwa na foleni mbaya kuliko zote walizowahi kuziona. Jana yake jioni nenda kwenye tangazo ukaangalie ukumbi kwa macho yako. Kozi kubwa hugawanywa kumbi mbili au zaidi kwa namba za usajili, na ujumbe wa kundi la WhatsApp unaosema "wote Nkrumah" umeshawakimbiza watu jasho kutoka kumbi za Yombo. Kitambulisho, namba ya mtihani, kalamu tatu, saa ya mkononi isiyo ya kisasa kwa sababu simu na saa zinazounganishwa na simu hazikai mezani. Karatasi yoyote yenye maandishi iache nje hata kama ni risiti ya chakula. Mfukoni inageuka ushahidi, na safari ya disko, yaani kuondolewa chuoni, imeanza kwa vitu vidogo kuliko hivyo.

Karatasi ikigeuzwa, usianze kuandika. Ukumbi mzima utakuwa umeinamisha vichwa ndani ya dakika mbili, na mlio wa kalamu za wenzako unatia kiwewe. Waache. Dakika 25 za kwanza ni za kusoma maswali yote, kuchagua matatu, na kuchora mifupa ya yote matatu kwenye ukurasa wa nyuma wa kijitabu wenye kichwa "rasimu", utakaoupigia mstari wa mshazari baadaye. Faida ya kuchora yote mapema ni kwamba kichwa bado kina nguvu, na hoja ya swali la tatu itakayokujia ukiwa katikati ya la kwanza ina mahali pa kuidaka. Baada ya hapo kila swali lina dakika 48. Mara tatu ni 144. Zinabaki 11 za kusoma ulichoandika. Andika saa za kuhama juu ya karatasi ya maswali: kama mmeanza saa 2:00, la kwanza liishe 3:13, la pili 4:01, la tatu 4:49.

Anza na unaloliweza zaidi, lakini saa 3:13 ikigonga, hama. Hata kama sentensi haijaisha. Acha nusu ukurasa wazi, urudi ukipata nafasi. Swali pendwa ndilo linaloangusha watu wazuri: linameza dakika 80, linapata 16 badala ya 15, na kulinyima la tatu alama nane. Kila swali lianze ukurasa mpya, namba yake iandikwe pembeni kwa ukubwa. Ukisahau jina la mwandishi au mwaka, andika hoja bila jina, usibuni. Anayesahihisha anazijua kazi za kozi yake, na jina la uongo likionekana mara moja linamfanya atilie shaka hata yale ya kweli.

Ikitokea zimebaki dakika kumi na swali la tatu hujaligusa, sahau utangulizi. Andika msimamo kwa sentensi moja, kisha hoja nne kwa sentensi kamili, kila moja na ushahidi wake. Vidokezo vya neno mojamoja havina cha kusahihishwa, sentensi kamili zinacho, na alama sita au saba hupatikana hapo. Ukiongeza kijitabu cha pili, namba yako ya mtihani iende juu yake kabla ya neno lolote jingine, na ukifunge kwa uzi na cha kwanza wewe mwenyewe, usimwachie msimamizi. Kisha jaza kwenye jalada namba za maswali uliyojibu, kwa mpangilio uliyojibu.